Kontrola ya kisasa kwenye trekta la umeme la zamani: ijue kwanza mota yako

Swali: "Mhandisi, salamu. Nina trekta dogo la umeme aina ya Elec-Trak, lililotengenezwa na General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1970. Linatumia volti 36 kutoka betri sita, na mota yake ya mwendo bado inazunguka vizuri. Tatizo ni vidhibiti. Kontakta hutetema na kulia ninapopanda mwinuko, mwendo wa chini haushiki kila mara, na rizista hupata joto kiasi cha kutoa harufu. Rafiki yangu ana kontrola ya kisasa aliyoitoa kwenye kigari cha gofu. Anasema niondoe vidhibiti vyote vya zamani na kuifunga hiyo, nami nitapata mwendo laini na kazi mara mbili kwa chaji moja. Je, ni kweli? Na je, kontrola yoyote ya volti 36 inafaa?"

Ndugu msomaji, kazi unayoifikiria inawezekana, na ikifanywa kwa uangalifu inaleta mwendo laini ambao vidhibiti vya mwanzo haviwezi kuufikia. Lakini si kila kontrola ya volti 36 inafaa, na hiyo ya rafiki yako inaweza kuwa haifai kabisa. Tena, dalili ulizozieleza huenda hazitokani na vidhibiti vyenyewe. Kama chanzo chake kitabaki ndani ya trekta, kontrola mpya itakusumbua kuliko kontakta za zamani, kwa sababu kontakta iliyochoka hulia na kutetema siku nyingi kabla ya kufa, ilhali kontrola huzima ghafla ukiwa katikati ya mwinuko.

Kutetema kwa kontakta ndiyo dalili ninayoitilia shaka zaidi. Kontakta ni swichi nzito inayovutwa na sumaku ya koili, yaani waya ulioviringwa, na koili hiyo inalishwa na betri zilezile zinazolisha mota. Ukipanda mwinuko mota hudai mkondo mkubwa, volti za betri hushuka, na zikishuka mno koili hushindwa kushika. Kontakta hufunguka, mzigo unaondoka, volti zinapanda tena, kontakta hujifunga, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde. Kila ikifunguka hutoa cheche, na kila cheche hula kidogo uso wa mguso wake. Kwa hiyo mashimo utakayoyaona kwenye migusano yanaweza kuwa matokeo ya betri dhaifu, si ugonjwa uliojianzia hapo.

Pima hivi: chaji betri zote zijae, ziache zipumzike saa kadhaa, kisha pima kila moja peke yake. Betri ya asidi ya volti 6 yenye afya itasoma karibu 6.35. Halafu pima kila moja wakati trekta likivuta mzigo, na msaidizi akiwa kwenye usukani. Ikiwepo moja inayoanguka chini ya 5.25 ilhali wenzake wako juu ya 5.7, hiyo ndiyo inayowaangusha wote. Zikiwa zote sawa, weka mita kwenye ncha mbili za koili ya kontakta inayotetema. Ukikuta betri zinatoa volti 35 lakini koili inapata 27, umeme unapotea njiani, pengine kwenye swichi ya ufunguo, swichi ya kiti, au kiungo kilichoota kutu. Mwisho pima kati ya ncha mbili kubwa za kontakta ikiwa imefunga na ikibeba mzigo. Usomaji mzuri hauzidi sehemu ya kumi ya volti moja. Ukikuta nusu volti wakati ampia 150 zinapita, wati 75 zinaungua ndani ya mguso huo mdogo, na hapo ndipo utakuwa na haki ya kuilaumu kontakta.

Rizista kupata joto, kwa upande mwingine, si hitilafu. Ndiyo kazi yake, na ili uelewe sababu inabidi tuitazame kidogo akili ya waliolisanifu trekta hili.

General Electric ilipolitoa Elec-Trak mwaka 1969, transista ya kukata na kuunganisha mamia ya ampia haikuwa kifaa cha kufungwa kwenye trekta la kukatia majani. Wasanifu walitumia njia mbili zilizokuwa zikijulikana tangu enzi za tramu. Kwa mwendo wa chini, waliweka rizista, kifaa kinachobana umeme na kugeuza sehemu yake kuwa joto, kati ya betri na armecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ili armecha ipate volti pungufu. Kwa mwendo wa juu, rizista hizo hurukwa na kontakta, armecha ikapata volti zote, kisha mwendo ukaongezwa kwa kudhoofisha fildi, yaani koili zilizotulia ambazo hutengeneza sumaku ya mota.

Njia hii ya pili huwashangaza wengi: inakuwaje sumaku ikipungua mota iende kasi zaidi? Mota inapozunguka, yenyewe huzalisha volti zinazoipinga betri, na hupanda mwendo mpaka volti hizo zikaribie zile za betri. Ukiipunguza sumaku, kila mzunguko huzalisha volti chache za upinzani, hivyo mota inalazimika kuzunguka kasi zaidi ili kuifikia betri. Gharama yake ni nguvu ya kusokota: kwa kila ampia, mota yenye fildi dhaifu hukaza kidogo kuliko ile yenye fildi kamili. Litunze jambo hili, maana litarudi tutakapozungumzia mwendo wa juu wa trekta lako.

Kontrola ya kisasa haipunguzi volti kwa kuziunguza. Ndani yake mna transista zinazokata na kuunganisha umeme mara elfu nyingi kwa sekunde, kwa kawaida 15,000 au zaidi. Umeme ukiwa umeunganishwa nusu ya muda, mota huona wastani wa volti 18. Koili za mota ni nzito kwa mabadiliko ya mkondo, kwa hiyo katika vipindi vya kukatwa mkondo huendelea kuzunguka ndani ya mota kupitia dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, bila kuigusa betri. Hapo ndipo akiba inapopatikana. Tuseme mota inahitaji ampia 100 kwa volti 18. Kwa rizista, betri hutoa ampia 100 kwa volti 36, na nusu ya nishati yote, wati 1,800, inageuka joto. Kwa kontrola, mota inapata ampia 100 zilezile huku betri ikitoa takriban 50 tu, pamoja na kiasi kidogo kinachopotea ndani ya kontrola yenyewe.

Sasa unaweza kuipima ahadi ya rafiki yako. Kama kazi yako kubwa ni kutambaa kwa hatua za chini za mwendo, akiba itakuwa ya kuonekana. Lakini kama unakata majani mota ikiwa kwenye hatua ya juu, rizista za armecha zimekwisha kurukwa, hakuna kinachoungua humo, na kontrola mpya haina cha kukuokolea. Isitoshe, mota za visu zinakula umeme wake pembeni bila kupitia kidhibiti cha mwendo. Kuna akiba nyingine isiyogharimu chochote, ambayo wamiliki wengi huisahau: ukitaka kwenda polepole, shusha gia na uiache mota izunguke kasi, badala ya kupanda gia na kuibana mota kwa rizista. Harufu uliyoitaja ingepungua leo hiihii, na kilichobaki ni vumbi na majani makavu ya kufagia kwenye rizista.

Tuje kwenye kontrola yenyewe. Volti 36 ni sharti la kwanza tu. Sharti zito zaidi ni namna fildi ya mota yako ilivyofungwa. Mota ya siriesi ina fildi ya waya mnene, na mkondo wote wa armecha hupita humo. Mota ya shanti ina fildi ya waya mwembamba wenye mizunguko mingi, inayolishwa peke yake moja kwa moja kutoka betri. Mota ya kompaundi ina zote mbili. Ipo pia mota ya sumaku za kudumu, isiyo na koili za fildi, na ipo mota ya vigari vingi vya gofu ambayo fildi yake hulishwa kando na kontrola, ambayo mafundi huiita sepeksi. Kila moja inataka kontrola ya kabila lake.

Mpango wa kudhoofisha fildi nilioueleza hudai mota yenye fildi ya shanti, iwe peke yake au ndani ya kompaundi, lakini usilikubali neno langu bila kupima. Inawezekana pia kwamba katika miaka hii 50 na zaidi mtu amekwisha kubadilisha mota. Tenganisha betri, piga picha nyaya zote na uzitie alama, kisha ziondoe kwenye mota. Mara nyingi ncha zimeandikwa: A1 na A2 ni za armecha, S1 na S2 ni za fildi ya siriesi, F1 na F2 ni za fildi ya shanti. Multimita ya kawaida itasoma karibu sufuri kwenye armecha na siriesi, kana kwamba umegusanisha waya za mita zenyewe. Kwenye shanti itasoma ohmu za kuhesabika. Gawanya 36 kwa ohmu hizo, nawe utapata mkondo wa fildi: ukisoma ohmu 12, kwa mfano, fildi itakula ampia 3. Pima pia kati ya kila ncha na bodi ya mota. Hapo pasiwe na njia ya umeme kabisa.

Ukishajua hayo, uliza kontrola ya rafiki yako ilitoka kwenye kigari cha aina gani. Kama ni ya sepeksi, ina nyaya mbili nyembamba za fildi zaidi ya zile nene, na imeandaliwa kwa fildi ya ohmu chache sana inayokula ampia nyingi. Ikikutana na shanti ya ampia 3 itadhani waya umekatika, itaandika hitilafu, na itagoma. Nyingine zinakubali kupangwa upya kwa kompyuta, nyingine hazikubali. Tatizo la pili ni kwamba kontrola hiyo hurudi nyuma kwa kugeuza mwelekeo wa fildi. Kwenye mota ya kompaundi, ukiigeuza shanti bila kuigeuza siriesi, fildi hizo mbili zitapingana, na nguvu ya trekta itapotea hasa pale mzigo unapozidi.

Kontrola ya siriesi, ambayo hulisha armecha tu, hufaa zaidi kuliko jina lake linavyodokeza, mradi shanti ilishwe kando kwa njia yake. Huu ndio mpango ninaoupendelea kwa trekta la namna yako: kontrola mpya inachukua nafasi ya rizista za armecha na kontakta zinazoziruka, kontakta za mbele na nyuma zinabaki, na shanti inaendelea kupata umeme wake kutoka betri. Lakini mpango huu una mitego yake.

Mtego mkubwa ni fildi kupotea. Waya wa shanti ukichomoka trekta likiwa halina mzigo, volti za upinzani huporomoka na mota inaweza kupanda kasi kupita kiasi, hata armecha ikapasuka. Ikiwa na mzigo, itavuta mkondo wote ambao kontrola inaruhusu bila kusokota ipasavyo. Siriesi ya kompaundi hupunguza hatari hiyo lakini haiiondoi. Kwa hiyo weka rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, inayohisi mkondo wa fildi, si volti zake, na upitishe umeme wa koili ya kontakta kuu kwenye rilei hiyo, ili fildi ikizimika armecha nayo ikatwe. Niliwahi kufunga rilei ya kuhisi volti kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mkononi. Waya ulikatika upande wa mota, volti zikabaki palepale, rilei ikaendelea kuridhika, na trekta lililokuwa juu ya vigingi likanguruma mpaka nikachomoa plagi ya betri. Tangu siku hiyo ninahisi mkondo. Na kwa kuwa shanti ina mizunguko mingi, ukiikata ghafla hurusha volti kubwa zinazotoboa insulesheni, hivyo haina budi kuwa na dayodi au rizista ya kuutuliza mkondo unaobaki.

Mtego mwingine ni kugeuza mwelekeo kabla trekta halijasimama. Fildi ikiwa hai na armecha imegeuzwa ghafla, mota huwa jenereta inayojipiga shoti kupitia dayodi ya kontrola. Trekta litasimama kwa mshtuko, na anayelipa ni dayodi, brashi (vipande vya kaboni vinavyoipelekea armecha umeme) au meno ya gia. Funga swichi ya mwelekeo kwa namna ambayo haitabadilisha kontakta mpaka pedeli ya mwendo irudi sufuri na magurudumu yasimame.

Nilisema suala la fildi litarudi. Ukiilisha shanti volti zote muda wote, mwendo wa juu kabisa wa trekta utakuwa chini ya ule wa kiwandani, kwa sababu hatua zile za juu zilitokana na kudhoofisha fildi, na kontrola haiwezi kutoa volti zaidi ya zilizopo. Watu wengi hugundua hili baada ya kumaliza kazi. Kama mwendo huo unauhitaji, usitupe sehemu ya zamani inayodhoofisha fildi. Iache ifanye kazi baada tu ya kontrola kufika mwisho wa pedeli. Fildi kamili irudi taratibu, maana ikirudi ghafla trekta likiwa kasi, volti za mota zitapita za betri na mkondo utarudi nyuma bila kontrola kuwa na uwezo wa kuuzuia. Betri za asidi huvumilia. Za lithiamu zilizojaa zinaweza kujikata zenyewe, na volti zisizo na pa kwenda zitaiua kontrola.

Unapochagua ukubwa wa kontrola, soma muda ulioandikwa pamoja na ampia. Si ajabu kukuta kontrola inayotangazwa kuwa ya ampia 275 ikibeba hizo kwa dakika 2, na 125 tu kwa saa nzima. Kigari cha gofu huhitaji mkondo mkubwa kwa sekunde chache, ilhali trekta linalolima huuhitaji kwa nusu saa. Ifunge juu ya bamba nene la alumini panapopita hewa, mbali na vumbi la majani. Hakikisha pia inavumilia volti za chaja, kwani betri za asidi za volti 36 hufika 44 au zaidi zikikaribia kujaa.

Kati ya betri na kontrola paweko fyuzi iliyoandikiwa umeme wa mkondo mnyoofu (DC), karibu kabisa na betri, pamoja na kontakta kuu na plagi au swichi ya dharura inayofikika ukiwa umekaa. Sisitizo langu lina sababu: transista za kontrola zikiungua, kwa kawaida hubaki zimeungana, na mota inapata umeme wote bila wewe kugusa pedeli. Solenoidi ya gari ya volti 12 haitoshi kwa kazi hiyo, kwa kuwa cheche ya mkondo mnyoofu haina kipindi cha kuzimika yenyewe na inaweza kuchomelea migusano. Unganisha rizista ya ohmu mia kadhaa sambamba na kontakta kuu, kati ya ncha zake mbili kubwa, ili kapasita za kontrola, yaani vifaa vyake vya kuhifadhi umeme kwa muda, zijae polepole kabla kontakta haijafunga. Swichi za kiti na breki za kiwandani zisirukwe hata kama zinakuudhi, bali zipitishwe kwenye kontakta hiyo. Mota za visu na soketi ya vifaa ziache kwenye nyaya zake. Ukihitaji volti 12 kwa taa, tumia kigeuzi cha volti. Ukichomoa kwenye betri mbili tu, hizo zitachoka kabla ya wenzake.

Ningekuwa wewe, ningeanza kwa kusafisha viungo vyote, kubadilisha betri dhaifu na migusano iliyoliwa, kisha ningelitumia trekta msimu mzima kabla ya kuamua. Vidhibiti hivi ni vya kizamani, lakini karibu kila sehemu yake inaweza kupimwa na kurekebishwa kwa mita na bisibisi, sifa ambayo kontrola mpya iliyofungiwa ndani ya utomvu mgumu kama plastiki haina. Kama baada ya hapo bado unatamani ulaini wa mwendo, na ni haki yako, fuata mpango wa armecha nilioueleza bila kukata nyaya za mwanzo. Zichomoe, zifunge, uzihifadhi. Kubadilisha mota na kontrola kwa pamoja ni njia safi kiufundi, ila inakudai kutengeneza shafti na viungio vya chuma, na sikushauri kwa trekta ambalo mota yake haina kasoro.

Jaribio la kwanza lifanyike magurudumu yakiwa hewani juu ya vigingi imara, kwa gia ya chini, na mkono ukiwa karibu na plagi ya dharura. Vua pete na saa. Volti 36 hazitishi kwa kukupiga, lakini betri hizi zikipigwa shoti kwa spana au pete hutoa maelfu ya ampia na huyeyusha chuma papo hapo. Usifungue kiungo chochote juu ya betri zilizotoka kuchajiwa kabla gesi haijatoka. Kabla ya kushusha magurudumu, chomoa waya wa fildi kwa makusudi, jaribu kuwasha, na uhakikishe kwamba kontakta kuu inakataa kufunga.

Iko hali ambayo maandishi yangu hayatoshi, na inabidi fundi wa mota aione kwa macho. Ukikuta njia ya umeme kati ya koili na bodi, ukiona cheche zinazozunguka komyuteta nzima, yaani pete ya vipande vya shaba ambayo brashi huigusa, badala ya kumeta kidogo chini ya brashi, ukinusa vanishi iliyoungua, au ukikuta vipande vya komyuteta vimeinuka, usiiwashe tena. Mpelekee mota anayesuka armecha. Vivyo hivyo, kama ncha za mota hazina alama na vipimo vyako havikubaliani na mchoro wowote ulio nao, mwite fundi aliyezoea foklifti za umeme. Hao hushughulika na mota za namna hii kila siku, na akiwa na vipimo vyako vya ohmu mkononi ataitambua fildi yako kwa muda mfupi.